Theluji Juu ya Paa: Jinsi ya Kuizuia Isiwaangukie Watu

Mwalimu wa fizikia anapofika kwenye somo la msuguano, kwa desturi huchora ubaoni mstari ulioinama, akaweka juu yake kisanduku, kisha akachora mishale mitatu: wa uzito unaoelekea chini, wa kani ya mteremko inayokisukuma kisanduku, na wa msuguano unaokizuia kisiteleze. Wanafunzi hunakili mchoro, hufanya hesabu, na wengi wao huamini moyoni kwamba kisanduku kile hakipo popote duniani ila katika mitihani. Makala haya yanahusu mahali ambapo kisanduku hicho kipo kweli. Mteremko wenyewe ni paa la nyumba, kisanduku ni theluji ya majira mazima ya baridi, na chini ya mteremko upo mlango ambao watoto hutokea kila asubuhi kwenda shule.

Mahali penyewe ni Milima ya Alpi, yaani Uswisi, Austria, kusini ya Ujerumani na kaskazini ya Italia. Na pia pwani ya magharibi ya Japani, ambako theluji huanguka kwa wingi usio wa kawaida. Sisi huku tumezoea kuitazama theluji kwa mbali, juu ya Kilimanjaro. Hata huko juu, kwenye kibanda cha wapandaji cha Kibo kilichoko kimo cha mita 4,720, theluji ikianguka usiku, jua la Ikweta huiwahi kabla haijarundikana. Katika Alpi hakuna wa kuiwahi. Kijiji kilichoko kimo cha mita 1,500 hukaa miezi minne au mitano ambamo baridi huwa chini ya sifuri siku nyingi, na theluji ya Novemba huweza kuwapo bado mwezi Machi, imelaliwa na ile ya Desemba, Januari na Februari.

Uzito wa kitu chepesi

Anayeiona theluji kwa mara ya kwanza hudhani ni kitu kisicho na uzito. Huanguka bila kishindo, hukaa juu ya kitawi bila kukivunja, na ukiikinga kiganjani hutoweka. Dhana hiyo si kosa kwa theluji iliyoanguka sasa hivi: mita moja ya ujazo ina kilo 100 hivi au pungufu, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wa maji. Nafasi iliyobaki ni hewa. Lakini theluji haizeeki kama makuti, kwa kupungua na kuoza. Huzeeka kwa kushikamana. Punje zake hupoteza ncha, husogeleana, huungana, na hewa hutoka. Baada ya siku chache mita ile ile ya ujazo huwa na kilo 200. Baada ya wiki au miezi, kilo 250 hadi 350. Na ikinyeshewa mvua au ikianza kuyeyuka, kilo 400.

Tuchukue nyumba moja ya kawaida, tutakayoitumia katika makala yote. Urefu wake ni mita 12. Paa lake lina vipaa viwili, kila kimoja kimeinama nyuzi 30. Tukikipima kipaa kwa mlalo, yaani kwa kivuli chake jua likiwa utosini, ni mita 6 kutoka mgongo wa paa hadi ukingoni. Ukingo uko mita 6 juu ya ardhi. Sasa tuseme kwamba uwanjani pana theluji ya kimo cha mita moja, iliyokaa wiki kadhaa. Kila mita ya mraba ya uwanja imebeba kilo 300, ambazo uzito wake ni kilonyutoni 3, tukichukua graviti kuwa 10. Upepo hupangusa sehemu ya theluji iliyo juu ya nyumba, na kwa hiyo wahandisi wa Ulaya huhesabu kwamba paa la mwinamo huo hubeba 0.8 tu ya mzigo wa ardhini, yaani kilonyutoni 2.4 kwa kila mita ya mraba ya mlalo. Kipaa chetu kina mita za mraba 72. Mzigo wake wote, basi, ni kilonyutoni 172.8, ambao ni uzito wa tani 17 na zaidi. Malori mawili na nusu ya tani saba yangehitajika kuuchukua. Na hicho ni kipaa kimoja.

Kinachoushika mzigo huo usishuke ni nini? Jibu la haraka la mwanafunzi litakuwa "msuguano", naye atakuwa amesema nusu tu ya kweli. Siku ya baridi kali theluji haikulalia paa tu, bali imegandamana nalo. Maji kidogo yaliyokuwa kati yao yamekuwa barafu, na barafu hiyo ni gundi. Theluji iliyogandamana hivyo huweza kukaa juu ya paa lenye mwinamo mkali kuliko msuguano peke yake ungeruhusu. Tena theluji hushikamana yenyewe kwa yenyewe kama blanketi, na blanketi hilo mara nyingi limepita juu ya mgongo wa paa, likaning'inia pande zote mbili, kila upande ukiuzuia mwingine.

Hali hiyo hudumu almuradi gundi isiyeyuke. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitazamii. Mtu hudhani hatari huja siku ya jua au ya mvua, na kweli siku hizo ni za hatari. Lakini nyumba za milimani hupashwa moto usiku na mchana, na joto hupanda, hupenya dari, hulifikia paa. Theluji nayo, kwa sababu ya hewa iliyomo ndani yake, huzuia joto lisipite, kama vile sufi ya mto inavyozuia. Kadiri theluji inavyozidi kimo, ndivyo joto la nyumba linavyokosa njia ya kutokea, na ndivyo upande wa chini wa theluji unavyokaribia nyuzi sifuri, hata kama hewa ya nje iko nyuzi 10 chini ya sifuri. Siku moja utando mwembamba wa maji hujitandaza kati ya theluji na paa. Gundi imegeuka kuwa mafuta. Blanketi hubaki limening'inia mgongoni pekee. Likitatuka hapo, kipaa kizima hushuka kwa mara moja, bila onyo jingine ila mvumo mfupi ambao aliye ndani ya nyumba husikia kabla ya aliye nje.

Aina ya paa nayo ina neno lake. Vigae vya mbao na mabamba ya mawe, vilivyotumika Alpi kwa karne nyingi, vina uso wa kukwaruza. Mabati yaliyopakwa rangi, ambayo katika karne ya 20 yalichukua nafasi ya vigae hivyo kwenye nyumba nyingi, ni laini. Kioo ni laini kuliko bati.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila gharama. Achukue kipande cha bati bapa, si lile la migongo, akiweke mezani, na juu yake aweke nusu ya tofali. Ainue upande mmoja wa bati polepole mpaka tofali lianze kuteleza. Kimo cha ncha iliyoinuliwa kikigawanywa kwa urefu wa mlalo wa bati, hupatikana tanjenti ya pembe, na tanjenti hiyo ndiyo kigawo cha msuguano kati ya tofali na bati. Kisha atumie badala ya tofali pande la barafu ya mfuko, ile inayouzwa madukani, baada ya kulivua mfuko wake. Wanafunzi wataona kwamba bati halijainuka hata vidole vichache, barafu imekwisha ondoka. Joto la chumba limeshaweka utando wa maji chini yake, sawasawa na joto la nyumba ya milimani. Kwa sababu hiyo kanuni ya ujenzi ya Ulaya inayohusu mzigo wa theluji, EN 1991-1-3, katika toleo lake la 2003 inamwagiza mhandisi anapokisia kani ya theluji inayoteleza aufanye msuguano kuwa sifuri. Si kwamba msuguano haupo. Upo leo, lakini kesho huenda usiwepo, na jengo hujengwa kwa ajili ya kesho.

Tuitii kanuni hiyo na tuone theluji yetu itaangukia wapi. Theluji iliyoko karibu na mgongo hushuka kimo cha mita 3.5 hivi kabla ya kufika ukingoni, na bila msuguano itafika hapo ikiwa na mwendo wa mita 8.3 kwa sekunde, yaani kilometa 30 kwa saa. Haianguki wima kando ya ukuta, huruka. Mwanafunzi wa kidato cha tano akiitumia hesabu ya kitu kilichorushwa ataona kwamba itatua umbali wa mita 5.4 kutoka chini ya ukingo, kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Huo ndio upeo. Kwa kuwa msuguano kidogo hubaki, sehemu kubwa huangukia karibu zaidi. Hata hivyo mtu anayepita hatua tano au sita kutoka ukutani, akidhani amejiepusha, bado yumo ndani ya eneo la hatari. Na theluji iliyokwisha kuanguka si laini tena. Ikisimama hukazana papo hapo, na aliyefunikwa nayo, hasa mtoto, hawezi kujifukua.

Wajerumani na Waaustria wana jina maalumu la tukio hili, Dachlawine, maana yake poromoko la paani. Katika majira ya baridi niliyoishi Innsbruck nikiwa mwanafunzi niliona miti mirefu imeegemezwa kwenye kuta za nyumba kando ya barabara, ikiwa na kibao chenye neno hilo. Miti ile humwambia mpita njia ahamie upande wa pili. Haizuii hata kilo moja ya theluji. Sheria ya barabara ya Austria ya 1960 inamtaka mwenye nyumba iliyo kando ya barabara aondoe theluji inayoning'inia na barafu iliyofanyika kwenye paa lake. Miti, kwa maoni yangu, ni ya saa chache tu, mpaka afike mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Kuachia au kushika

Zipo njia mbili tu za kuishi na theluji ya paani: kuiachia ishuke mahali usipopita mtu, au kuishika isishuke. Nyumba nyingi zilizoleta maafa ni zile ambazo mjenzi hakuchagua lolote kati ya hayo mawili.

Kielelezo bora cha kuachia kipo Japani. Katika vijiji vya Shirakawa-go na Gokayama, vilivyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, nyumba kubwa za mbao zimeezekwa kwa nyasi, na mapaa yake yana mwinamo wa karibu nyuzi 60. Jina la mtindo wake, gassho-zukuri, latokana na viganja vilivyokutanishwa kwa sala, na kweli ndivyo zinavyoonekana. Kwa mwinamo huo theluji haipati nafasi ya kurundikana kiasi cha kutisha. Hushuka kidogo kidogo. Kanuni ya Ulaya, iliyoandikwa mbali sana na vijiji hivyo, yakubaliana navyo: paa lililo wazi hubeba 0.8 ya theluji ya ardhini mpaka mwinamo wa nyuzi 30, kisha kiasi hicho hupungua hatua kwa hatua, na kufikia nyuzi 60 huhesabiwa kuwa sifuri.

Kuachia kunataka uwanja. Mjini, ambako nyumba zimebanana, theluji ya jirani huangukia njia ya wote. Mji wa Takada katika mkoa wa Niigata, ambako Februari 1945 theluji ilipimwa kimo cha mita 3.77, ulilitatua tatizo hilo kwa njia ambayo mtu wa pwani yetu angeitambua upesi. Mbele ya maduka zimejengwa baraza zenye paa, ziitwazo gangi, zikiungana nyumba hata nyumba, ili watu wapite chini yake theluji ikiwa imejaa barabarani.

Mahali pengi pengine Japani theluji huondolewa kwa mkono: mtu hupanda juu ya paa na koleo. Ni kazi ya hatari kuliko inavyoonekana, kwa kuwa anayeifanya husimama juu ya kitu kile kile kinachongoja kuteleza. Katika majira ya baridi ya 2005 hadi 2006 theluji iliwaua watu 152 nchini humo. Wengi wao walikuwa wakiondoa theluji, na wengi walikuwa wazee, kwa maana vijana wamehamia mijini na kuwaacha wazazi pamoja na mapaa.

Wakulima wa Alpi, kwa upande wao, walichagua kushika. Nyumba zao za zamani zina mapaa ya mwinamo mdogo, wa nyuzi 20 hivi, yaliyoezekwa kwa vigae virefu vya mbao visivyopigiliwa misumari bali vilivyolaliwa na miti na mawe mazito. Mgeni hudhani mawe yale yamewekwa kwa ajili ya upepo tu. Kweli huzuia upepo, lakini pia huikwaza theluji isiteleze. Mkulima aliitaka theluji yake ikae: ilimzuilia joto la nyumba bila malipo. Karibu na ukingo alilaza gogo, akalishika kwa vyuma vilivyopindwa, na gogo hilo ndilo babu wa vizuizi vyote vya theluji vinavyouzwa leo.

Kizuizi na hesabu yake

Vizuizi vya leo ni vya namna mbili. Vipo vya mstari, kama mabomba mawili matatu au wavu wa chuma uliosimamishwa sambamba na ukingo; na vipo vya nukta, yaani ndoano ndogo nyingi zilizotawanywa juu ya kipaa chote. Kazi yao si kuidaka theluji inayokimbia, bali kuizuia isianze kwenda. Ni fikira ile ile ya ngazi za chuma zinazojengwa juu milimani, mahali maporomoko makubwa yanapoanzia, wala si chini bondeni yanapoishia.

Kani ambayo kizuizi cha mstari kinapaswa kuihimili hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: mzigo wa theluji paani, umbali wa mlalo kutoka kizuizi hadi kizuizi cha juu yake au hadi mgongo, na sini ya pembe ya mwinamo. Kwa nyumba yetu ni 2.4 mara 6 mara 0.5, yaani kilonyutoni 7.2 kwa kila mita ya kizuizi. Kwa urefu wote wa mita 12 ni kilonyutoni 86.4. Ni sawa na kuning'iniza tani 8.6 kwenye bomba lile. Mtu akiijua hesabu hii hatashangaa kuona mifereji ya maji ya mvua iliyong'olewa ikalala uwanjani kila mwaka. Mfereji haukuumbwa kwa mzigo huo. Zikiwekwa safu mbili badala ya moja, ya pili katikati ya kipaa, kila safu hubeba nusu, kilonyutoni 3.6 kwa mita, na theluji nayo haipati urefu wa kutosha wa kujivuta. Ndiyo maana kwenye mapaa marefu safu huongezwa.

Mahali pa kukifunga napo ni suala. Sehemu ya paa inayochomoza nje ya ukuta ndiyo dhaifu, na kizuizi kikiwekwa kwenye ncha yake, mzigo wote huangukia penye udhaifu huo. Safu ya chini huwekwa usawa wa ukuta au juu yake kidogo. Tena yapasa kifungwe kwenye mbao za kenchi, au, kama ni mabati ya kukunjwa, kishike mikunjo yake kwa vibanio, na mabati hayo yenyewe yawe yamefungwa imara kwenye kenchi. La sivyo kizuizi kitaishika theluji vizuri sana, kisha vyote vitatu, theluji, kizuizi na bati, vitashuka pamoja. Kizuizi kifupi mno nacho hudanganya: hushika tabaka la chini, na la juu likateleza juu ya hilo.

Lakini kosa kubwa kuliko hayo halionekani kwa macho. Tuseme nyumba ya zamani ina paa la nyuzi 45, nalo lilihesabiwa kama paa la kuachia. Kwa mwinamo huo kanuni huruhusu kigawo cha mzigo kishuke kutoka 0.8 hadi 0.4, kwa kuwa theluji nyingi itakuwa imekwenda zake. Mwenye nyumba mpya, mtu mwema anayewajali wapita njia, anaweka vizuizi. Tangu siku hiyo theluji haiendi tena, na kanuni yasema wazi kwamba paa lenye vizuizi lisihesabiwe chini ya 0.8. Mzigo wa kuhesabiwa umekuwa maradufu, ilhali boriti ni zile zile. Kwa hiyo kizuizi si pambo la kununuliwa na kufungwa na fundi kwa siku moja bila mhandisi kuzitazama mbao.

Mapaa yaliyoshindwa na mzigo yamekwisha kuonekana. Tarehe 2 Januari 2006, katika mji wa Bad Reichenhall kusini ya Ujerumani, paa la ukumbi wa kuteleza kwenye barafu liliporomoka na kuua watu 15, wengi wao watoto na vijana. Theluji ilikuwa juu ya paa, lakini uchunguzi ulionyesha pia kasoro za usanifu na gundi ya boriti iliyoharibiwa na unyevu wa miaka mingi. Tarehe 28 ya mwezi huo huo paa la ukumbi wa maonyesho karibu na Katowice, Polandi, lilianguka, likaua watu 65. Mwezi Januari 2019 theluji ilipozidi katika Bavaria na Austria, wanajeshi walitumwa kupanda mapaa na kuyapunguzia mzigo.

Mtu atauliza: kwa nini isiyeyushwe kwa umeme? Nyaya za joto zipo, na hutumika katika mifereji na kwenye kingo. Ama kuyeyusha kipaa kizima, tufanye hesabu. Kilo moja ya barafu iliyoko nyuzi sifuri hutaka kilojuli 334 ili iwe maji. Tani 17.28 za kipaa chetu zitataka kilojuli milioni 5.8 hivi, ambazo ni uniti 1,600 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea hewani, na theluji itaanguka tena wiki ijayo. Hiyo ni sawa na kutibu malaria kwa kumpepea mgonjwa. Dawa iliyo bora ni kinyume chake: kulifanya paa liwe baridi. Dari hufunikwa vema ili joto lisipenye, na kati ya dari na paa huachwa mwanya unaopitisha hewa ya nje. Theluji hubaki imegandamana na paa, na huondolewa shida nyingine inayowasumbua wenye vizuizi, yaani maji yanayoyeyuka juu ya sehemu yenye joto na kuganda tena ukingoni, mpaka ukingo unakuwa boma la barafu na maji yanarudi nyuma kupenya chini ya vigae.

Msanifu anayeanza upya ana nafasi kuliko anayetengeneza. Aweza kuuweka mlango mkuu kwenye ukuta wa pembeni, ule wenye pembetatu juu, ambao paa haliumwagii kitu. Gharama yake ni mstari mmoja katika mchoro. Aweza pia kuukataa mteremko kabisa. Mji wa Davos, Uswisi, uliokuwa mashuhuri kwa kutibu kifua kikuu kwa hewa safi na jua, ulifanya hivyo. Sanatori ya Schatzalp, iliyofunguliwa juu ya mji huo mwaka 1900, wasanifu Pfleghard na Haefeli waliipa paa bapa, na maji yake wakayapitisha kwa bomba lililomo ndani ya jengo, penye joto, yasigande. Tukikumbuka kwamba wagonjwa walilazwa saa nyingi barazani, upande wa jua, tutaona kwamba paa lisilomwaga theluji wala kuning'iniza vipande vya barafu halikuwa anasa. Paa hilo lataka boriti za kubeba mzigo wote, wala hakuna njia ya mkato.

Katika miaka hii fumbo limerudi kwa sura mpya, nalo ni paneli za jua. Mwenye nyumba hutaka theluji iondoke upesi juu ya paneli ili zipate mwanga, na kioo humtii. Lakini vizuizi vya chini vilihesabiwa kwa theluji iliyotulia, si kwa theluji inayowagonga ikiwa na mwendo. Paneli zikiifunika nusu ya juu ya kipaa cha nyumba yetu, zinaitelezesha tani 8.6 kuelekea safu ya ukingoni. Kwa hiyo safu ya katikati haiwezi tena kuachwa kwa hiari ya mwenye nyumba. Huwekwa mara tu kioo kinapoishia, kabla theluji haijapata mwendo, na kila mita yake hubeba zile kilonyutoni 3.6 tulizokwisha kuzihesabu.